Ua Katika Ua: Habari za Mwaridi wa Bourbon



Mvua za vuli zilipoanza, mzee mmoja wa kijiji chetu alinikuta pamoja na wanafunzi tukipanda miwaridi kando ya njia iendayo shuleni. Akasimama, akaegemea fimbo yake, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mti huu huliwa?" Nikamjibu, "La, Baba, hauliwi." Akasema, "Basi kwa nini watoto wetu wautekee maji, na kisima chenyewe ki mbali, na maharagwe yanangoja?" Nilijaribu kumweleza habari za uzuri na unadhifu, lakini maneno yangu yalikuwa mepesi, naye alikwenda zake bila kuridhika. Usiku ule nikafikiri kwamba swali lake lilikuwa la haki, nalo lilistahili jawabu lenye uzito. Jawabu hilo nimelitafuta katika historia ya mti wenyewe, na leo nawaletea ninyi pia.

Kwanza tufahamu asili. Jamaa ya miwaridi ina aina zaidi ya 100 za mwituni, na karibu zote ni za nusu ya kaskazini ya dunia: Ulaya, Asia na Marekani ya Kaskazini. Huku kwetu Afrika, kusini ya jangwa la Sahara, uko mmoja tu wa asili, nao humea katika milima ya Ethiopia na nchi zilizo karibu nayo. Maua yake ni meupe. Neno letu "waridi" latoka katika Kiarabu, na watu wa pwani walilijua waridi kwa harufu yake kabla ya wengi wetu wa bara kuuona mti wake. Marashi yaliletwa na majahazi, yakanyunyizwa kwa mrashi juu ya wageni siku za harusi. Hata leo, katika Jebel Akhdar kule Oman, watu huchuma mawaridi alfajiri katika miezi ya masika yao na kuyatia katika mitungi juu ya moto, ili mvuke wake upoe na kuwa maji ya waridi.

Mwaridi huo wa marashi ndio uitwao wa Dameski. Harufu yake ni kali na tamu, lakini una upungufu mmoja: kwa kawaida hutoa maua mara moja kwa mwaka, kisha hukaa na majani matupu mpaka mwaka wa pili. Iko namna yake moja inayorudia kutoa maua tena, nayo Wafaransa waliipa jina la "Majira Manne", ingawa maua yake ya pili ni machache.

Mbali sana, katika nchi ya China, wakulima wa bustani walikuwa na mwaridi wa tabia nyingine. Harufu yake ni ndogo, vijiti vyake ni vyembamba, nao huogopa baridi kali, lakini hauchoki. Huchanua, hupumzika siku chache, huchanua tena, mwaka mzima ikiwa joto na maji vipo. Wataalamu wa siku hizi wamechungulia ndani ya mbegu wakaona sababu: katika miwaridi mingine iko amri ya urithi inayouzuia mti usitoe maua nje ya msimu wake, na katika mwaridi wa China amri hiyo imeharibika. Basi uharibifu ule ndio uliokuwa baraka ya bustani. Miwaridi hiyo ya China ilianza kufika Uingereza mwishoni mwa karne ya 18.

Hivyo palikuwa na miti miwili: mmoja una harufu na hauna subira ya kuchanua, wa pili una subira na hauna harufu. Ilikutana wapi, ikazaana? Katika kisiwa cha bahari yetu wenyewe.

Mashariki ya Madagaska, zaidi ya maili 400 toka pwani yake, kipo kisiwa cha milima ya moto ambacho tangu mwaka 1848 huitwa Réunion. Kabla ya hapo jina lake lilibadilika mara kadhaa kwa kufuata watawala wa Ufaransa, na lililodumu zaidi lilikuwa Bourbon. Wafaransa walipokitwaa katika karne ya 17 hakikuwa na wenyeji. Wakaja walowezi, wakapanda kahawa kuanzia mwaka 1715, baadaye karafuu na miwa. Kwa kuwa meli ziendazo India na China zilipita katika visiwa hivyo, miti ya nchi nyingi ilishushwa huko. Hata mkarafuu, ambao leo twauona kuwa ni mali ya Unguja na Pemba toka kale, ulifika Unguja kwa njia ya visiwa hivyo mwanzoni mwa karne ya 19.

Sasa, katika kisiwa cha Bourbon walowezi walikuwa na desturi ya kuzungushia mashamba yao ua wa miwaridi, maana miiba yake huzuia wanyama. Katika lugha yetu neno "ua" ni la kuchuma, na "ua" ni wa kuzungushia. Kule mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Wengine walipanda mwaridi wa Dameski, wengine wa China, na pengine yote miwili katika mstari mmoja. Nyuki hakuuliza huu ni wa nchi gani. Alibeba chavua toka huu mpaka ule, tunda likaiva, mbegu ikaanguka chini ya ua, ikaota.

Yasimuliwa kwamba karibu na mji wa Saint-Benoît, katika shamba la mlowezi aitwaye Édouard Perichon, ulionekana mche mmoja usiofanana na wenzake. Haukuwa wa Dameski, wala haukuwa wa China. Badala ya kung'olewa kama gugu ukaachwa, nao ukatoa maua ya rangi ya waridi iliyoiva, yenye harufu, na ukaendelea kuchanua. Watu wa kisiwa wakauita "Rose Édouard". Mwaka 1817 mtaalamu wa mimea Bwana Bréon alifika kisiwani kusimamia bustani ya serikali, akautambua kuwa ni kitu kipya. Yapata mwaka 1819 alipeleka mbegu Ufaransa kwa Bwana Jacques, mtunza bustani wa mtawala wa Orléans, yule ambaye mwaka 1830 alipata kuwa Mfalme Louis-Philippe. Jacques akaziotesha, na toka hapo jamaa mpya ikaenea: miwaridi ya Bourbon.

Wakulima wa Ufaransa wakaishughulikia kwa bidii. Mwaka 1843 mtu wa Lyon aitwaye Béluze alitoa ule uitwao Souvenir de la Malmaison, ambao ua lake ni pana na jeupe lililochanganyika na wekundu kidogo. Mwaka 1868 ukatoka Zéphirine Drouhin, ambao hauna miiba, kwa hiyo wafaa mahali watoto wapitapo. Damu ya Bourbon ikaingia pia katika miwaridi iliyofuata, hata ile ya kisasa ambayo mwanzo wake wengi huuhesabu toka mwaka 1867, ulipotokea mwaridi wa Guillot uitwao La France. Mawaridi yachumwayo leo Naivasha na kupelekwa Ulaya kwa ndege ni wajukuu wa jamaa hiyo. Ulaya yauziwa toka Afrika kitu ambacho zamani ilikipokea toka ukingo wa Afrika.

Hapo ndipo kalamu yangu ilipotaka kukoma, lakini lile swali la mzee halikuniacha. Katika habari hii tumeyasikia majina ya mlowezi, ya mtaalamu na ya mtunza bustani wa mtawala. Je, ni nani aliyeuchimbia ua ule mashimo? Ni nani aliyeupogoa, akachomwa na miiba, akapalilia chini yake bila kuung'oa ule mche mgeni?

Tujibu bila kuficha. Mwaka ule wa 1817 wengi wa wakaaji wa Bourbon walikuwa watumwa, na kazi ya mashamba ilikuwa yao. Walitoka Madagaska, Msumbiji, na pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya reali 20 kila mtu. Watu hao waliteremka toka bara, wakapandishwa melini, na wengi wao wakapelekwa katika visiwa vile. Utumwa ulikomeshwa huko tarehe 20 Desemba 1848, na siku hiyo watu zaidi ya 60,000 wakawa huru. Majina ya waliochimba ua wa Perichon hatunayo. Lakini ni vigumu kuamini kwamba ua wa shamba katika kisiwa kile ulipandwa na mikono mingine.

Jina moja tunalo katika kazi nyingine. Mwaka 1841, katika kisiwa hicho hicho, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond alivumbua namna ya kuunganisha sehemu mbili za ua la vanila kwa kijiti na kidole, ili lizae. Wataalamu walikuwa wamesumbuka na jambo hilo muda mrefu. Vanila ya Madagaska, ya Uganda na ya Kagera huzalishwa kwa namna ile mpaka leo. Edmond, aliyepewa jina la Albius alipowekwa huru, alikufa maskini mwaka 1880. Ikiwa huyo aliyejulikana alisahauliwa hivyo, sembuse wachimbaji wa ua!

Basi kwa wale wapendao kupanda mwaridi wa kichaka, naandika machache niliyojifunza kwa kukosea. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda miche 6 mahali pa bondeni, nikiwaza kwamba maji mengi ni chakula kingi. Yote ilioza mizizi. Mwaridi wataka kunywa, hautaki kusimama majini.

Chagua mahali penye jua saa 6 kwa siku au zaidi. Chimba shimo la dhiraa moja kwenda chini na dhiraa moja upana, uchanganye udongo na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kwa mche, kata kijiti chenye unene wa kalamu na urefu wa shibiri, toka tawi lililokwisha kutoa maua, ukate chini kidogo ya jicho. Ondoa majani isipokuwa mawili ya juu, ukizike theluthi mbili katika mchanga wenye udongo, kivulini. Baada ya wiki 6 hadi 8 kitakuwa na mizizi. Ukitaka ua wa kuzungushia, acha hatua moja ndefu baina ya mti na mti.

Mwagia maji shinani asubuhi, si juu ya majani, maana majani yaliyolala na maji hupata madoa meusi, na miwaridi ya Bourbon hushikwa upesi na ugonjwa huo. Majani yaliyoanguka yaokote, uyachome. Vidukari wakikusanyika kwenye machipukizi, wapanguse kwa vidole au uwaoshe kwa maji ya sabuni. Kabla ya mvua kubwa, pogoa: ondoa vijiti vikavu na vinavyosuguana, na virefu uvipunguze theluthi moja, ukikata juu ya jicho linalotazama nje. Matawi marefu usiyakate yote. Mengine yainamishe na kuyafunga chini, nayo yatatoa maua toka mwanzo mpaka ncha. Ua likinyauka, likate, ili mti usipoteze nguvu katika tunda. Lakini kila mwaka mimi huacha matunda machache yaive. Kama watu wa Saint-Benoît wangalikata yote, habari hii isingalikuwapo.

Nilimwendea yule mzee nyumbani kwake, nikamsimulia yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na waliochimba, hakuna aliyeandika majina yao?" Nikasema, "Hakuna, Baba." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi, watoto wapande. Ila maharagwe yanywe kwanza."

Neno lake tumelishika. Asubuhi maji ya kwanza huenda kwenye maharagwe, na yanayobaki huenda kwenye miwaridi. Tena nimefungua daftari moja shuleni, na humo kila mwanafunzi ameandika kwa mkono wake jina lake, jina la baba yake, na mti alioupanda, kuanzia wa kwanza pale langoni mpaka wa 34 karibu na kisima. Pengine mmoja wa miti hiyo utazaa kitu kipya, pengine hakuna. Lakini atakayeuliza siku moja ni nani aliyechimba, atapata jibu.