Transfoma ya Amplifaya: Mashine Umba, Kipoza Umeme au Ngata?

Fundi redio wa Mitundu, katika Halmashauri ya Itigi mkoani Singida, akitaka kuunda amplifaya yake hukutana mapema na suala la transfoma. Katika taarifa za shirika la umeme kifaa hicho huitwa mashine umba, na mahali palipo na zile kubwa ni kituo cha kupoza umeme. Dukani ni transfoma tu.

Kupoza ni neno zuri. Laini za vijijini kwa kawaida huja na msongo wa kilovolti 33. Transfoma ya nguzoni huupoza hadi volti 400 kati ya fezi na fezi, yaani 230 kwenye soketi. Ile ya amplifaya hupokea hapo na kuteremsha hadi 24 au 12. Lakini kinachopozwa ni msongo, si nguvu: volti zikishuka, ampea zinazoweza kutolewa huongezeka. Tena zipo transfoma za kupandisha. Kwa hiyo transfoma, neno lisiloelemea upande wowote, ndilo linalofaa mezani kwa fundi.

Tuseme ameshika iliyoandikwa 12-0-12, yaani volti 12 kila upande wa waya wa kati, na saketi yake ni TDA2030, ile ya sabufa ndogo, yenye kikomo cha volti 18 kila upande. Hizo 12 ni za mkondo geu. Zikipita kwenye daiodi na kujaza kapasita hufika kileleni: 12 mara 1.41, karibu 17, na daiodi hula kama moja. Zimebaki 16, inaonekana salama. Hata hivyo, transfoma isiyo na mzigo hutoa volti kuzidi zilizoandikwa, na nyingi zimesukwa kwa volti 220. Muziki ukinyamaza, mita inaweza kusoma 18 na ushee. Apime kwanza, ndipo aunge saketi. Mwenye 18-0-18 atafika 25 na kuiunguza.

Uwezo wa transfoma hutajwa kwa volti-ampea, na hapo ndipo pa kuwa mkali. Amplifaya ya wati 50 mara mbili, kwa spika za omu 8, inataka 24-0-24 ya volti-ampea 150 hadi 200, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme huishia kuwa joto. Ya 200 huwa na uzito wa karibu kilo mbili au zaidi. Nyepesi kama ya redio itiliwe shaka, lebo iseme itakavyo.

Ipo pia yenye kiini cha mviringo, mfano wa ngata ya kubebea ndoo kichwani. Wahandisi Zipernowsky, Bláthy na Déri walitumia viini vya pete mjini Budapest mwaka 1885. Transfoma ya ngata: jina hilo lingeeleweka Mitundu bila maelezo. Usumaku wake hauvuji sana, hivyo spika hazivumi ovyo. Ila ikiwashwa huvuta mkondo mwingi kwa ghafla, kwa hiyo ifungiwe fyuzi ya aina inayochelewa kukatika.