Minazi ya Msikiti, Senti za Lyon

Ukivuka mkono wa bahari kutoka Shimoni kwenda Wasini, pwani ya kusini ya Kenya, kabla hujatafuta pomboo kwa macho, tazama watu wanapakia nini mashuani. Kwa miaka mingi imekuwa mitungi ya maji. Kisiwa hiki ni mwamba wa matumbawe, hakina mto wala maji matamu ya kutegemewa, na kwa vizazi wenyeji wameishi kwa mvua: paa la kuikinga, na jabia la kuihifadhi. Mahali kama hapa, anayejenga jabia akaliacha mikononi mwa watu wote hajatoa kitu kidogo. Wazee wana neno moja la tendo hilo: ameliweka wakfu.

Asili yake Waislamu huisimulia kwa kisa cha Umar bin Khattab, aliyepata ardhi nzuri kule Khaibar akaenda kumuuliza Mtume aifanyeje. Akaelekezwa alifunge shina na atoe matunda. Ardhi isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi. Pato lake liwaendee wenye haja. Pwani yetu shina hilo mara nyingi lilikuwa shina kwelikweli. Mtu akiona siku zake zinakaribia, hutenga minazi kadhaa, nazi ziuzwe, msikiti upate mafuta ya taa na majamvi ya kuswalia.

Kutoa ni upande rahisi wa habari hii. Mtoaji akishazikwa, minazi hubaki na mkwezi, na jirani anayesogeza mpaka, na wajukuu wanaohesabu nazi za babu yao zikipita. Katikati yao yumo mutawali, msimamizi wa wakfu, ambaye hana hisa yake bali ana amana. Ukifuatilia historia ya wakfu wa pwani, utakuta magomvi machache sana kuhusu nani alitoa. Karibu yote ni ya nani ameshika.

Serikali ya kikoloni iliingia kupitia mlango huo huo. Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao Afrika Mashariki, na ukanda wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar ukawa chini ya usimamizi wao. Mwaka 1900 wakatunga sheria ya kuunda Tume ya Wakfu, ishike mali zilizokosa msimamizi anayefaa. Kisha ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908: kila mwenye shamba pwani alete madai yake, na lisilodaiwa liwe la Taji. Wakfu mwingi ulikuwa umeandikwa vichwani mwa wazee, na kumbukumbu ya mzee, mbele ya karani wa ardhi, haina muhuri.

Pigo jingine lilitoka mbali zaidi. Wakfu wa familia, yaani ule unaowanufaisha watoto na wajukuu kwanza na kuwafikia maskini ukoo ukiisha, ulipelekwa na familia moja ya Mombasa hadi baraza la rufaa la mfalme, London. Majaji wakaubatilisha mwaka 1951, wakifuata hukumu waliyoitoa juu ya Bengal mwaka 1894, ingawa India yenyewe ilikwisha kuipangua kwa sheria ya 1913. Kwao, kumlisha mwanao si sadaka. Pwani hakuna aliyefundishwa hivyo. Sadaka huanzia nyumbani. Kenya ikaukubali wakfu wa familia kwa sheria yake mpya, nayo ni ya mwaka huo huo wa 1951.

Wakristo nao walifika pwani hii na hesabu yao ya kutoa. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na sehemu ya fedha zao ilitoka kwa watu ambao hawakuwahi kuiona bahari ya Hindi. Kule Lyon, Ufaransa, binti wa tajiri wa hariri aitwaye Pauline Jaricot aliwapanga wafanyakazi kumikumi. Kila mmoja atoe sou moja kwa wiki, senti tu. Mmoja azikusanye za kumi, amkabidhi wa mia, naye amkabidhi wa elfu. Chama kilichozaliwa humo mwaka 1822 kikawa kinasaidia misheni duniani kote. Bagamoyo senti hizo zilisaidia kuwakomboa watumwa na kuwapa makazi. Kimbunga cha Aprili 1872 kikabomoa karibu kila kitu, wakajenga upya. Na ili wasiishi kwa kuisubiri meli ya Ufaransa, walipanda nini? Minazi.

Siamini kwamba waliiga msikiti. Nadhani pwani haikuwapa nafasi ya kuchagua: mti wa kulisha taasisi mwaka hadi mwaka ulikuwa huo. Ila mpango wa kumikumi haujafa. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki wameliegemeza Kanisa kwenye jumuiya ndogo ndogo, majirani wanaosali na kuchanga pamoja, na Mkatoliki wa Ukunda anayetia zaka yake kwenye bahasha yumo katika mnyororo unaofanana sana na ule wa Lyon.

Wasini ni ya Waislamu, na huko kuna daraja la mbao linalopita juu ya bustani ya matumbawe na mikoko. Wanawake wa kisiwa ndio wanaoliendesha. Mgeni hulipa kiingilio, na pato husaidia mambo ya kijiji, karo ikiwamo. Sijasikia mtu akiliita wakfu. Lakini mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walikwisha kuweka kanuni kwamba pato la wakfu lianze kuukarabati wakfu wenyewe, ndipo walengwa wagawiwe. Daraja limesimama kwenye chumvi, mbao zinaoza. Kabla ya karo kuna misumari.