Mwanamume Hana Wifi: Kida Waziri na Nafsi ya Kike katika Muziki wa Dansi

Imezoeleka katika mazungumzo ya muziki wa dansi kumweka mwanamke pembeni ya jukwaa: mchezaji, mwitikiaji, pambo la onyesho. Napinga mazoea hayo, na hoja yangu inasimama juu ya wimbo mmoja, "Wifi Zangu" wa Vijana Jazz, alioutolea sauti Kida Waziri katika miaka ya 1980.

Kuhusu ulezi wa dola kwa bendi za dansi sina ugomvi na mtu. Askew (2002) na Perullo (2011) wameonyesha vya kutosha jinsi bendi zilivyokuwa mali ya mashirika ya umma, majeshi na jumuiya za chama. Vijana Jazz yenyewe ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Ugomvi wangu ni na wanaotoka hapo wakahitimisha kwamba mwanamke aliletwa bendini baadaye, ili kunogesha tu. Hilo la "baadaye" halisimami: Dar es Salaam ya miaka ya 1960 ilikuwa na Women Jazz, bendi ya wanawake watupu waliopiga ala wenyewe. Hilo la "kunogesha" ndilo linalotaka ushahidi.

Ushahidi wangu ulianzia Usagara, nje kidogo ya Mwanza, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo na Busisi. Redio ya kibanda cha chipsi ilikuwa kwenye zilipendwa. "Wifi Zangu" ulipoingia, mama aliyekuwa akipima dagaa aliliacha kopo hewani, akamgeukia mwenzake, wakaangua kicheko. Vijana wa bodaboda waliokuwa hatua tatu tu kutoka pale hawakugeuka. Nikajiuliza mama wale wamesikia nini ambacho vijana hawakukisikia.

Wamesikia neno. Mke humwita dada wa mumewe wifi, na dada naye humwita hivyohivyo mke wa kaka yake. Mwanamume hana wifi, ana shemeji. Neno hili hupita kati ya wanawake peke yao, likibeba ukwe, utani na visa vya uani. Anayetamka "wifi zangu" ameshajitaja yeye ni nani kabla ya ubeti kuendelea. Mwimbaji wa kiume akilitamka, kila msikilizaji anajua ameazima nafsi. Kida Waziri hakuazima.

Nitaambiwa wanaume wa dansi wameimba kwa nafsi ya mwanamke mara nyingi, na kwamba sauti ni kitu kimoja, utunzi ni kingine. Nakubali yote mawili. Lakini katika wimbo ambao kiini chake ni nani anamsemesha nani, sauti ndiyo hoja. Mwondoe Kida na ubaki na magitaa matamu pamoja na malalamiko ya kuigiza.

Basi kwa nini jina lake limefifia? Tulinganishe na jazz ya Marekani: mwimbaji Ella Fitzgerald alijiunga na bendi ya Chick Webb mwaka 1935. Webb alipofariki mwaka 1939, bendi ikaendelea kwa jina la Ella. Bendi ile ilikuwa na jina la mtu, na jina la mtu hurithiwa. Hemed Maneti, aliyeimba sana na Kida, alipofariki mwaka 1990, Vijana Jazz ilibaki Vijana Jazz, kwa sababu ilikuwa na mwenyewe, naye hakuwa mwanamuziki. Kwa maoni yangu umiliki huu, kuliko udogo wa nafasi yake jukwaani, ndio uliomficha Kida. Huenda uliwaficha wengi wa kiume pia. Lakini kwa wanawake, waliokuwa wachache, hasara ilikuwa kubwa zaidi, kwani akisahauliwa mmoja huonekana kama hakukuwa na yeyote.

Nathubutu kusema kwamba historia ya dansi itabidi iandikwe upya kuanzia kwenye sauti badala ya kwenye majina ya bendi. Kazi hiyo ni ndefu. Watangazaji wa zilipendwa wanaweza kuianza leo: wakishataja bendi, wamtaje na mwimbaji. Anayeimba "Wifi Zangu" ni Kida Waziri.