Lugha Mbili katika Tembe Moja: Malezi ya Watoto wa Uwanda wa Kati

Aghalabu watu wanapoieleza historia ya Dodoma huanza na reli, au huanza na mwaka 1973, wakati ilipoamuliwa kwamba makao makuu ya Serikali yahamishiwe huko. Mambo hayo ni makubwa na yanastahili kuandikwa. Hata hivyo, iko historia nyingine ya zamani zaidi, ambayo haikuingia katika majalada ya serikali yoyote kwa sababu ilitendeka jikoni, zizini na kando ya moto wa jioni. Hiyo ni historia ya mtoto aliyezaliwa na baba wa kabila moja na mama wa kabila jingine, akajifunza kusema na kila upande kwa lugha yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtoto huyo hakuletwa na mji. Yeye ni mwenyeji wa Uwanda wa Kati tangu kale, na malezi yake yana funzo kwa wazazi na walimu wa leo.

Nchi ya lugha nyingi

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Kondoa hupita katika nchi ambayo mfano wake ni adimu katika bara zima la Afrika. Huanzia Ugogo, ambako husemwa Kigogo, lugha ya Kibantu. Mbele huingia katika nchi ya Waburunge, ambao lugha yao ni ya Kikushi, jamaa ya mbali ya lugha za Wasomali na za watu wengi wa Ethiopia. Upande wa magharibi wako Wasandawe, ambao maneno yao yamejaa vidoko, yaani sauti zinazotolewa kwa kubandua ulimi. Katika vilima vya Kondoa wako Warangi, ambao ni Wabantu, na karibu nao, huko Kolo, wako Waalagwa, ambao ni Wakushi. Katika mbuga hupita Wamaasai na Wabarbaig na mifugo yao, nao wana lugha za Kiniloti.

Mwaka 1963 mtaalamu wa Marekani, Joseph Greenberg, alizigawa lugha za Afrika katika makundi makubwa manne. Makundi yote manne yanakutana katika uwanda huu. Wataalamu waliomfuata wamekitilia shaka Kisandawe kama kweli kina udugu na lugha za kusini mwa Afrika alizokiweka pamoja nazo, lakini hakuna anayetilia shaka kwamba Wasandawe wameishi kwa muda mrefu sana jirani na watu wasiofanana nao kwa lugha.

Ujirani huo haukuwa wa kutazamana tu. Uwanda wa Kati ni nchi kavu. Mvua yake ni haba, nayo hunyesha kwa upendeleo: kijiji kimoja hupata, cha pili hukosa. Katika nchi ya namna hiyo, mtu ambaye jamaa zake wote wako mahali pamoja huangamia pamoja nao mvua inapokosekana. Mwenye shemeji mbali ana mahali pa kupeleka ng'ombe wake na pa kuomba uwele au mtama. Kwa hiyo ndoa ya makabila mawili ilikuwa pia akiba ya siku mbaya. Historia za koo zinathibitisha jambo hilo, maana koo nyingi za Wagogo husimulia kwamba mababu zao walitoka Uhehe, Ukaguru, Unyamwezi na kwingineko, wakakaa, wakaoa, na wajukuu wao wakawa Wagogo. Na ilipokuja njaa kuu iitwayo Mtunya, iliyoanza mwaka 1917 na kuendelea hadi 1920, baada ya majeshi ya Vita ya Kwanza ya Dunia kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo, watu walitawanyika kwenda kwa majirani kutafuta uhai. Katika safari za namna hiyo watoto walijikuta wakikua katika nyumba zenye lugha ngeni.

Ushahidi uliomo ndani ya lugha

Huenda msomaji akauliza: ikiwa mambo haya yalitendeka majumbani na hayakuandikwa, tunayajuaje? Ushahidi mmoja uko ndani ya lugha zenyewe. Katika Kiswahili, kama katika lugha nyingi za Kibantu, kitenzi kisaidizi hutangulia kitenzi kikuu. Twasema "alikuwa analima". Hatusemi "analima alikuwa". Kirangi ni Kibantu, lakini katika baadhi ya nyakati zake, hasa katika kueleza mambo yajayo, kitenzi kikuu hutangulia na kisaidizi hufuata. Jambo hilo ni geni katika Kibantu, na wataalamu kadhaa wamelihusisha na ujirani wa Warangi na watu wa lugha za Kikushi.

Kama maoni hayo ni sahihi, maana yake ni kubwa. Mpangilio wa sentensi si kitu cha kununuliwa sokoni pamoja na chumvi. Mfanyabiashara huazima majina ya vitu, lakini hana haja ya kuazima namna ya kuyapanga maneno. Anayeweza kuupitisha mpangilio kutoka lugha moja hadi nyingine ni mtu anayezijua zote mbili kwa undani, na kwa kawaida huyo ni mtu aliyezipata zote mbili utotoni. Hivyo yawezekana kwamba katika sarufi ya Kirangi tunasikia hadi leo sauti za watoto waliolelewa na lugha mbili, ambao majina yao hayajulikani.

Namna walivyolelewa

Katika tembe la zamani hapakuwa na mtu aliyeitwa mwalimu wa lugha. Mtoto alizipata lugha kwa sababu kila lugha ilikuwa na kazi yake na wenyewe. Lugha ya baba ilikuwa ya zizi, ya baraza ya wazee na ya mambo ya ukoo. Lugha ya mama ilikuwa ya kubembelezewa, ya kusaga nafaka, ya hadithi za usiku, na zaidi ya yote ilikuwa lugha ya wajomba. Mtoto alipopelekwa kukaa kwa wajomba msimu mzima, hakuambiwa "jifunze". Aliona njaa, akaomba chakula. Aliona wenzake wanacheza, akaingia mchezoni. Aliyekosea alichekwa, kisha akasahihishwa.

Huko Ulaya jambo hili liliandikwa kama uvumbuzi. Mwaka 1913 Mfaransa Jules Ronjat, aliyekuwa na mke Mjerumani, alitoa kitabu juu ya mwanawe Louis. Baba alisema naye Kifaransa tu, mama Kijerumani tu, na mtoto akazipata lugha zote mbili bila kudhurika. Baadaye, mwaka 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert walitangaza matokeo ya utafiti wao katika mji wa Montreal, Kanada: watoto wa miaka 10 waliozijua vizuri lugha mbili walifanya vema kuliko wenzao wa lugha moja katika majaribio ya akili. Kabla ya hapo wataalamu wengi walikuwa wakifundisha kwamba lugha mbili humlemea mtoto. Akina mama wa Kondoa na Ugogo hawakuwahi kusoma fundisho hilo, na kwa bahati njema hawakulifuata.

Kiswahili chaingia nyumbani

Kiswahili kilifika Ugogo kwa miguu. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza nchi hii, na watemi wa Wagogo walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka kupita na kuteka maji. Kutoza hongo huhitaji maneno. Hivyo Kiswahili kikawa lugha ya mapatano. Wajerumani walikitumia katika utawala na katika shule zao. Reli ya Kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, ilileta wafanyakazi wa makabila mengi, ambao baadhi yao waliweka maskani huko. Katika nyumba zao Kiswahili kilipata kazi mpya. Hapo awali kilikuwa lugha ya baba na mgeni wake. Sasa kikawa lugha ya baba na mama.

Kazi hiyo ilikua baada ya Uhuru. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Operesheni Dodoma, iliyoanza mwaka 1970, iliwakusanya katika vijiji watu waliokuwa wakiishi mbalimbali. Kisha mji mkuu ulileta watumishi, askari, walimu na wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi, na wimbi hilo liliongezeka tangu mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kikamilifu. Leo ndoa ya Mgogo na Mnyaturu, au ya Mrangi na Mchaga, haimshangazi mtu. Kwa hilo tuna deni kwa Kiswahili, maana bila lugha hiyo wengi wa wachumba hao wasingeelewana.

Mfano bora wa mtu wa lugha mbili ni mwana wa Ugogo mwenyewe, Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917, mwaka ule wa kuanza kwa Mtunya, akafariki mwaka 1969. Mnyampala alikuwa Mgogo wa bara, mbali na pwani, lakini akawa miongoni mwa washairi wakubwa wa Kiswahili, na tungo zake za ngonjera zilienea katika shule zetu. Mtu huyo huyo ndiye aliyeandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kilichochapishwa mwaka 1954, na alikiandika kwa Kiswahili. Kiswahili hakikumpokonya Kigogo. Kilimpa njia ya kuwapelekea Watanzania wote yale aliyoyapata kwa Kigogo. Asingekuwa na Kigogo, kitabu hicho kisingekuwapo.

Lugha inayokosa kazi

Lakini si kila nyumba imefuata njia hiyo. Tuchukue mfano wa nyumba moja ya mjini, ya aina iliyo ya kawaida siku hizi. Baba ni Mgogo wa Mvumi, mama ni Mnyaturu wa Singida. Mtoto alipozaliwa wazazi walishauriana wakasema, "Tusimchanganye mtoto." Wakaamua asikie Kiswahili tu, na baadaye Kiingereza cha shule. Hawakuwa wazazi wabaya, walimtakia mema. Miaka 10 baadaye bibi mzaa mama anakuja Dodoma kutibiwa. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuulizia bei na nauli. Jioni anakaa na mjukuu wake ukumbini. Wanapendana, wanatazamana, wanaamkiana. Kisha maneno yanakwisha. Yale ambayo bibi angependa kuyaacha kabla ya kufa, yaani ukoo ulitoka wapi, nani alikufa katika njaa ipi, na ni mti gani hauchomwi kuni na kwa nini, hayana njia ya kupita. Mama anajaribu kutafsiri, lakini ana chakula motoni.

Hasara hiyo si ya nyumba moja tu. Lugha haifi vitani. Hufa wazazi wanapoacha kuisema na watoto wao. Katika kaskazini ya Tanzania na Uwanda wa Kati zimekwisha kutoweka lugha za Kikushi kama Kiaasa na Kikw'adza, ambazo wazee wachache wa mwisho walikuwa bado wanazikumbuka katika karne ya 20. Na lugha ya asili inapokufa, Kiswahili nacho hupungukiwa, maana hazina yake imo humo. Neno "ikulu" tumelipata kwa lugha za bara. Neno "kung'atuka", ambalo taifa zima lilijifunza Mwalimu Nyerere alipouacha urais mwaka 1985, lilitoka katika Kizanaki.

Jukumu letu

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za jamii zetu kuwa hazina ya taifa. Lakini sera haibembelezi mtoto. Kazi hiyo ni ya mama na baba, wajomba na mashangazi. Kila mmoja na aseme na mtoto kwa lugha yake tangu siku ya kwanza, na Kiswahili kiwe mahali pa kukutania wote. Likizo zitumike kumpeleka kwa bibi, maana mwezi mmoja wa kuteka maji na kula mlenda na binamu zake hufundisha kuliko maonyo ya mwaka mzima. Mtoto akichanganya maneno asichekwe kwa dharau, kwa kuwa kuchanganya ni hatua ya kujifunza, nayo hupita.

Walimu nao wana sehemu yao. Ilikuwapo desturi katika shule nyingi ya kumwadhibu mwanafunzi aliyesema kilugha. Desturi hiyo ilikusudiwa kujenga lugha ya taifa, lakini ilimfundisha mtoto pia kumwonea haya mama yake. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kufanya kinyume: awatume wanafunzi wakaulize kwa wazee wao majina ya mimea, methali na vitendawili, kisha wavieleze darasani kwa Kiswahili sanifu. Hapo mtoto atatambua kwamba lugha mbili si mizigo miwili.

Mgeni afikapo Ugogo husalimiwa "Mbukwa", na wakiwa wengi, "Mbukwenyi". Watoto wengi wa mji wa Dodoma wanalijua neno hilo, kwa sababu wanalisikia kwenye mikutano ya hadhara. Tuhakikishe kwamba wanajua pia la kusema baada ya hapo, bibi anapokaa kitako na kuanza kusimulia.