Wakili wa Toro na Mteja Wake

Elizabeth Bagaya, binti wa mfalme wa Toro, alipokubaliwa kuwa wakili Uingereza mwaka 1965, hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amemtangulia. Wengi humkumbuka kwa picha za mitindo. Sawa, picha nzuri. Kinachonisumbua mimi ni mwaka 1974.

Februari ya mwaka huo Idi Amin alimpa Wizara ya Mambo ya Nje. Mtangulizi wake, Michael Ondoga, alifukuzwa kazi, na haikupita muda maiti yake ikaonekana mtoni Nile. Bagaya hakujiuzulu. Mwaka huohuo akahutubia Umoja wa Mataifa kwa niaba ya serikali ileile.

Utasema wakili hachagui mteja. Lakini mteja wa mahakamani hawezi kumuua wakili wake, huyu aliweza. Ndiyo maana simhukumu sana kwa 1974. Namuuliza kuhusu 1971, alipokubali kuwa balozi wa Amin wa kuzunguka nchi mbalimbali. Obote alikuwa amefuta falme mwaka 1967, kwa hiyo furaha ya kumwona akipinduliwa naielewa. Furaha tu, jamani, ilitosha?

Novemba 1974 Amin akamfukuza, tena kwa matusi: eti alifanya mapenzi na mzungu chooni, uwanja wa ndege wa Paris. Miezi michache baadaye akatorokea Kenya. Magazeti ya ng'ambo yaliyorudia uzushi huo aliyashtaki, akashinda. Mwaka 1986 Museveni alimtuma Washington kama balozi.