Mafuta ya Nazi, Panya wa Minnesota na Nywele Zetu

Wanawake wa visiwani tumekuta bibi zetu wakipika mafuta ya nazi: nazi inakunwa kwa mbuzi, tui linakamuliwa, linachemshwa mpaka maji yakauke na mafuta yabaki. Siku hizi wengi tunayaona ya kishamba, tunakimbilia makopo ya dukani. Hebu tuangalie historia inasemaje.

Mwaka 1823 Mfaransa Michel Eugène Chevreul alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba mafuta ya wanyama yamejengwa kwa asidi za mafuta pamoja na glisirini. Sisi mafundi cherehani tunampendea jingine: mwaka uliofuata alipewa kusimamia utiaji rangi nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins, Paris. Aliishi miaka 102, mashallah.

Hata hivyo, kwa muda mrefu watu walidhani mafuta kazi yake ni kutia nguvu tu. Mwaka 1929 George na Mildred Burr, mume na mke wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walilisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Ngozi ikafanya magamba, manyoya yakapukutika, mikia ikaharibika, wengine wakafa. Waliopewa asidi ya linoleiki wakapata nafuu. Miili yetu haiwezi kuitengeneza asidi hiyo, lazima tuile: imo kwenye alizeti, ufuta na karanga. Basi bibi harusi anayeacha mafuta yote ili apungue, nywele zikibaki kwenye chanuo asilaumu shampuu peke yake.

Nazi nayo ina yake. Karibu nusu ya asidi zake ni ya lauriki, ambayo ni fupi na imenyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele. Mwaka 2003 watafiti Rele na Mohile wa India walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yatokanayo na petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza protini inayopotea nywele zikioshwa. Kweli, walikuwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi, lakini maelezo yao yanaingia akilini.

Tusisahau ngozi ya juu ya unywele, ina utando mwembamba wa asidi ya mafuta unaoufanya uteleze. Blichi na dawa za kulainisha huubandua, na kwenye unywele ule haurudi tena. Ukishafika hapo, paka nazi usiku, osha asubuhi, na ncha zilizokatika zipunguze kwa mkasi.