Mwandiko wa Wazee Wetu

Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliwaagiza maparoko watunze kitabu cha ndoa, na katika ubatizo waandike majina ya wasimamizi. Desturi hiyo ilitufikia pamoja na Mapadri Weupe, waliofika ziwa Tanganyika mwaka 1879. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza pia kila misioni iandike habari zake siku kwa siku. Katika misioni hizo alilelewa Stefano Kaoze, Mkongomani wa kwanza kupewa upadri, tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville.

Kitabu cha ubatizo humfuata Mkristu maisha yake yote: pembeni mwa jina lake huongezwa kipaimara, ndoa au upadri. Wazee wetu waliandikwa humo kwa kalamu na wino.

Leo kompyuta huchapa cheti upesi, nasi hatuikatai. Lakini tunawaona vijana wasioweza tena kusoma herufi zilizounganishwa. Wakifunguliwa kitabu cha zamani, hawalitambui hata jina la babu yao.

Tusiilaumu mashine. Sisi walimu na wakatekista ndio tulioliacha zoezi la mwandiko. Basi watoto wa mafundisho na wanakili kwa mkono Injili ya kila dominika. Na mara kwa mara, kwa ruhusa ya paroko, wausome ukurasa wa zamani pamoja na wazee. Hivyo waliotutangulia katika imani wataendelea kutajwa kwa majina yao.